Mafundi wa Ratiba

Ukitaka kujua kama likizo hii vijana wa Eastlands, Nairobi, watakuwa na shughuli, usitazame mabango. Bango ni la mheshimiwa. Tafuta karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa selotepu kwenye kioo cha kinyozi au mlango wa duka la M-Pesa. Mistari imechorwa kwa rula, timu ziko upande mmoja, saa na uwanja upande mwingine, na matokeo ya wiki jana yamejazwa kwa kalamu ya rangi tofauti. Hiyo ndiyo ratiba. Aliyeiandika huenda anauza mitumba Gikomba siku za kazi au anaendesha bodaboda, na cheo chake chote ni jina ambalo mtaa umempa: Katibu.

Wachezaji wana wa kuwasifu. Kocha naye, timu ikishinda, hubebwa juu juu. Katibu hubebeshwa lawama tu: mechi imechelewa, refa hajafika, timu ya Maringo imeleta mamluki. Lakini kwa miaka mingi ya kusimama pembezoni mwa viwanja vya Ziwani, Jericho, Kaloleni na Kariobangi, nimezidi kuamini kwamba kijana akinusurika na dawa za kulevya kwa sababu ya michezo, sifa ya kwanza haiendi kwa mpira, na kwa hotuba haiendi hata kidogo. Inamwendea huyu mtu na karatasi yake.

Tuanze na anayeshindana naye. Mtaani dawa haziji na pembe. Bangi ipo, chang'aa ipo, mogoka, ndugu ya miraa, iko hadharani, gundi ni ya wadogo waliozoea barabara, na vidonge vya hospitali vilivyobatizwa majina ya kimtaa, kama bugizi, huzunguka kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Muuzaji si mgeni. Mara nyingi ni mtu mliyesoma naye darasa moja. Ila hakuna anayetoka kwao asubuhi akisema leo naenda kuharibika. Anatoka akisema naenda baze. Na baze, tuseme ukweli, si mahali pabaya. Kuna ukuta wenye kivuli, kuna spika, kuna marafiki, na habari za kibarua hufika hapo kabla ya kufika kwingine. Kasoro yake ni moja: haina saa. Ukifika saa nane mchana hakuna kinachoanza, ikifika saa moja jioni hakuna kilichokwisha, na katikati kuna saa tano zinazongoja kujazwa. Katibu anagombea zile saa tano.

Serikali nayo ina siku yake. Kila tarehe 26 Juni, siku ya dunia ya kupambana na dawa za kulevya, bendi ya matarumbeta hutangulia, fulana hugawanywa, maofisa wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na wa utawala hupanda jukwaani, kijana aliyeacha unga hutoa ushuhuda watu wakitikisa vichwa, soda hunywewa, na kufikia saa tisa viti vya plastiki vimeshapakiwa kwenye lori. Sisemi siku hiyo ifutwe. Mzazi anayesikia hapo kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe anaweza kutibiwa ameondoka na kitu. Lakini Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilizipitia tafiti za dunia na kutoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, kisha toleo la pili pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na hukumu yake kuhusu mambo haya ni kali. Kuwahutubia wanafunzi, kuwatisha, na kuwaletea waliokuwa watumiaji watoe ushuhuda ni njia zisizoleta matokeo, au zinazoleta matokeo mabaya. Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mpango wa D.A.R.E., wa kupeleka polisi madarasani, ulianza Los Angeles mwaka 1983 na kuenea nchi nzima, kisha watafiti wakaonyesha kwamba waliofunzwa hawakutofautiana sana na wasiofunzwa.

Viwango hivyohivyo havimpendelei mwenye mpira. Vinasema michezo peke yake haijathibitishwa kuwa kinga, na kwamba kuna mahali imeandamana na ulevi wa kupindukia. Yeyote aliyewahi kukaa na timu ya mtaa iliyotwaa kombe hahitaji kuelezwa kwa nini. Wachezaji kumi na wanane, pesa taslimu ya ushindi, Jumamosi jioni, na baa ya keg iko hatua mia mbili kutoka uwanjani. Mpira umewakusanya, umewachangamsha, umewatia noti mkononi, kisha umewaachilia saa ileile ambayo hawakupaswa kuachiliwa. Kwa hiyo kuwa na mpira hakujamaliza neno. Fundi hujiuliza mpira umezungushiwa nini.

Hapo ndipo karatasi ya Katibu inapoanza kusomeka. Chukua timu 16 zilizojiandikisha kwa shindano la likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Mdhamini mwenye haraka, anayetaka fainali ichezwe upesi mbele ya wageni wake, ataagiza mchujo: ukifungwa, nenda nyumbani. Mchujo wa timu 16 una mechi 15. Ni nafuu, una msisimko, na raundi ya kwanza tu inazirudisha timu nane baze. Nane! Nusu ya vijana uliowaandikisha wamecheza mara moja na likizo yao imekwisha. Tena wanaotoka kwanza mara nyingi ni wale waliokosa mazoezi, waliochelewa, waliofika tisa badala ya kumi na mmoja. Yaani walewale ambao shindano liliandaliwa kwa ajili yao.

Katibu mwenye uzoefu huzigawa timu hizo makundi manne ya timu nne. Sasa hakuna anayecheza chini ya mara tatu. Mechi za makundi zinakuwa 24, robo fainali nne, nusu fainali mbili na fainali yenyewe, jumla 31, zaidi ya mara mbili ya zile za mchujo. Akiwa na uwanja mmoja unaobeba mechi nne kwa siku, Jumamosi na Jumapili, amejaza karibu wikendi nne. Na waliotolewa kwenye makundi? Wapo makatibu wanaowaanzishia shindano la pili lenye kikombe chake kidogo. Watu hucheka: kombe la walioshindwa! Kisha wiki ya tatu unaiona timu iliyofungwa saba bila ikikimbia mazoezi alfajiri, kwa sababu Jumamosi ina nusu fainali yake.

Tazama pia alivyogawa saa. Timu ya wanafunzi hupewa asubuhi. Timu iliyotoka kwenye baze sugu hupewa saa nane mchana, kwa maana ingecheza saa nne asubuhi, ikamaliza, ikabaki na mchana mzima mikononi. Mechi kubwa huwekwa saa kumi, jua likianza kupoa na mama mboga wakiwa bado wana wateja. Siku ya Jumapili hakuna mpira kabla ya ibada kwisha. Hilo ni suala la heshima, na pia ni hesabu, kwani mzazi aliyekasirishwa Jumapili hamwachilii mtoto Jumamosi. Haya yote hayaandikwi popote. Karatasi inaonyesha saa na majina tu, na anayeipita huona orodha.

Ufundi huu una shule yake, na shule yenyewe iko Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira jijini Nairobi, aliwakuta watoto wakicheza na mpira wa kujitengenezea, akakubali kuwasaidia kuwa na ligi kwa sharti kwamba nao wafanye sehemu yao. Hapo ikazaliwa Mathare Youth Sports Association, ambayo kila mtu huiita MYSA. Wageni huisimulia kwa kutaja Mathare United, klabu iliyotoka humo mwaka 1994 na kutwaa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, au kwa kumtaja mwanasoka Dennis Oliech. Ni hadithi tamu, nami naipenda, ila inamfunika fundi. Oliech ni mmoja. Wengine ni maelfu ambao hakuna klabu iliyowahi kuwaita, na hao waliguswa na kanuni za ligi.

Kanuni hizo zastahili kusomwa polepole. Timu hupata pointi kwa kushinda, kama popote. Lakini hupata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Siku ya usafi timu hutoka na sepetu na toroli, huzibua mitaro, hubeba taka, na kazi ikikamilika huandikiwa pointi sita kwenye jedwali lilelile la ligi, zaidi ya zile za kushinda mechi. Mshambuliaji mwenye kiburi anaweza kufunga mabao matatu Jumamosi, na bado timu yake ikapitwa na timu dhaifu iliyojitokeza yote mtaroni. Wachezaji wenzake watamweleza hivyo bila kungoja kocha. Na Mathare, ambako mvua moja ilitosha kuingiza uchafu wa mtaro jikoni, kazi hiyo haikuwa ya kupiga picha.

Uwanjani, nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema na refa. Mwingine akifungua mdomo, kadi ya njano. Anayeonyeshwa nyekundu hatumwi kukaa nyumbani mechi tatu, kwa sababu kukaa nyumbani maana yake ni baze. Ili arudi kucheza, lazima kwanza achezeshe mechi za watoto, filimbi mdomoni, akizomewa na vijana wa miaka kumi wanaodai ilikuwa penalti. Sijui adhabu iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo katika mchezo wowote. Inamwadhibu mkosaji kwa kumpa mamlaka, inampatia Katibu refa wa bure, na inaijaza Jumamosi ya mtu aliyekuwa na sababu ya kuondoka kwa hasira. Kisha kuna kadi ya kijani. Kadi hii hupewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote, nayo humhesabia pointi kwenye tuzo za uongozi. Tuzo zenyewe ni karo. Kijana hukusanya pointi kwa kufundisha wadogo, kuchezesha, kusafisha na kujitolea, na wenye pointi nyingi hulipiwa, pesa ikienda shuleni moja kwa moja bila kupita mkononi mwake.

Ligi hizo zimewahi kuwa na zaidi ya vijana 20,000, na wanaoziendesha ni vijana wenyewe. Timu ya watoto wa chini ya miaka kumi inaweza kuwa na kocha wa miaka kumi na tano. Huyo ndiye ninayependa kumtazama. Juzi tu alikuwa akitumwa dukani kununua mafuta ya taa. Leo mama amesimama kando ya uwanja na kumwita.

“Kocha, Brayo asicheze leo. Amekohoa usiku kucha.”

“Sawa, mama. Lakini wacha abaki na mimi hapa, atanishikia maji.”

Mama mtu mzima amemwita Kocha, mbele ya watu. Jumatano akipita karibu na baze na mtu akamnyooshea msokoto, kuna Mama Brayo kwenye duka la pili, kuna mama wa golikipa anayeanika nguo, na kuna watoto kumi na watano ambao lazima watamsalimia kwa sauti. Hakuna aliyemhubiria. Amepewa tu kazi ambayo watu wanaiona.

Malighafi ya kazi hii ni ardhi tupu. Mitaa ya zamani ilijaliwa. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba zikizunguka nafasi za wazi, na ukumbi wa jamii ukawekwa ndani yake. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ukaendeleza wazo kwamba kila mtaa uwe na shule, ukumbi na kiwanja vyake. Wakoloni hawakuwa wakifikiria furaha ya mtu. Walitaka vibarua waliotulia. Hata hivyo viwanja vilibaki, na vizazi vimechezea Camp Toyoyo pale Jericho na Umeme pale Ziwani. Mathare na Korogocho hazikupangiwa chochote. Huko uwanja hulindwa kila mwaka dhidi ya mabati, gereji, kanisa jipya na mtu mwenye hatimiliki aliyetokea kusikojulikana. Uwanja usipochezewa Jumamosi mbili, ya tatu utakuta mawe ya msingi yamemwagwa golini. Kwa hiyo ratiba iliyojaa ni ulinzi wa ardhi pia, na nimewahi kuona mechi ya timu mbili zisizo na kitu cha kugombea ikichezwa mvuani kwa sababu hiyo tu.

Na kabla ya ligi kuna mpira wa juala, ambao nina hofu kizazi kinachokuja kitausikia tu. Kiini chake ni kitambaa au sponji ya godoro kuukuu, imefinywa hadi ikawa duara. Juu yake huvikwa mifuko ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukivutwa, ukasokotwa mdomo na kupinduliwa, ili hewa isijikusanye upande mmoja. Kisha kamba, nyuzi za nailoni zilizofumuliwa kwenye gunia: kwanza mizunguko ya kulala, halafu ya kusimama, na kila zinapokutana hufungwa fundo, mpaka wavu mzima ubane. Fundi huudundisha mara moja na kuusikiliza. Ukitoa sauti kavu anaongeza mfuko. Ukiyumba anafungua mafundo ya upande mmoja na kuyafunga upya, bila kulalamika. Mvulana wa miaka tisa mwenye mikono hiyo ana cheo mtaani, na anaweza kukaa saa mbili bila kuinua kichwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki Agosti 2017, jambo jema kwa mitaro, hakuna aliyewakumbuka mafundi hawa. Walihamia karatasi za mkate.

Koth Biro ndiyo daraja la juu. Tangu miaka ya 1970 mashindano haya yamechezwa katika uwanja wa Umeme, Ziwani, mwisho wa mwaka. Chagua mwezi mmoja ulio mbaya kwa kijana wa Nairobi nami nitakuambia Desemba: shule zimefungwa, mtihani wa Kidato cha Nne umekwisha na matokeo hayajaja, kila nyumba ina sherehe, na pombe haihitaji kutafutwa. Koth Biro imekaa juu ya shimo hilo hasa. Wachezaji wa ligi kuu hurudi kuvaa jezi za mitaa waliyokulia, wakicheza vumbini na watu waliowahi kuiba nao maembe, na kijana aliyemzoea mmoja wao kwenye televisheni anaambiwa asogee, ampishe arushe mpira. Kuandaa mashindano ya namna hiyo mwaka hadi mwaka, bila jengo wala jukwaa la maana, ni kazi ambayo wizara ingeitengea makao makuu na magari.

Wasichana wanahitaji karatasi yao wenyewe, na hapa makatibu wengi bado ni wanagenzi. MYSA iliwaanzishia soka mwaka 1992. Ratiba ya wavulana haiwafai, kwa kuwa msichana wa Eastlands hana zile saa tano tupu. Ana ndoo, ana mdogo wa kubeba, ana nguo za kufua. Mechi ya saa kumi jioni kwake imegongana na maji na jiko, na kurudi nyumbani ni gizani. Katibu anayelijua hilo humpangia mapema, na huenda kuzungumza na mama kabla ya kuzungumza na binti. Kule Kariobangi, wasichana wa kikundi cha ndondi cha Boxgirls waliingia ukumbini na glavu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na yeyote aliyeona jinsi wasichana wale wanavyofunga bandeji za mikono, taratibu, kidole kwa kidole, anajua kwamba ndondi ina makatibu wake.

Pesa hupima ufundi kuliko mvua. Kila timu huchanga kiingilio, nacho hulipa marefa. Timu isiyo nacho haifukuzwi na Katibu mwenye akili; hulipa kwa kuchora mistari ya chokaa na kutundika nyavu. Mheshimiwa hutoa jezi, mipira na mbuzi wa fainali, naye atataka kusema. Hanyimwi. Hupewa wakati wa mapumziko, ambapo refa ana saa mkononi na timu zinangoja kurudi. Anayempa kipaza sauti kabla ya mpira kuanza atamaliza mechi kwa tochi. Wadhamini wakubwa wana mtihani wao: ligi kuu ya Kenya yenyewe ilibeba jina la bia ya Tusker kuanzia mwaka 2012, kisha jina la SportPesa, kampuni ya kamari, kuanzia 2015. Ni kama kufungiwa dawa ya kikohozi kwenye pakiti ya sigara. Kamari imefika hadi kando ya viwanja vya vumbi, na sijaona katibu aliyepata jibu lake.

Kuhusu jioni, jibu lipo. Kumkabidhi nahodha bahasha ya pesa taslimu saa kumi na mbili Jumamosi ni kosa la kiufundi, sawa na kupanga mechi mbili uwanja mmoja kwa saa ileile. Shindano lililopangwa vizuri hutoa pesa Jumatatu, mbele ya kocha na mzazi mmoja. Jumamosi hutoa sufuria. Chapo madondo kwa timu zote mbili, pale pale uwanjani, muziki ukipunguzwa kidogo kidogo. Kijana aliyeshiba, aliyechoka, ambaye wenzake wote wanaelekea nyumbani, huelekea nyumbani.

Si wote. Kuna majina yanayotoweka kwenye orodha ya timu kati ya Agosti na Desemba, na mtaa unajua yamekwenda wapi. Kijana aliyeshikwa na heroini anahitaji kliniki kabla ya ratiba, na Nairobi ina matibabu ya methadoni tangu yalipoanza hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014. Makatibu ninaowaheshimu hawajifanyi madaktari. Wanachofanya ni kidogo na kigumu: jina la yule kijana hawalikati. Linabaki kwenye orodha, namba 14, msimu mzima, jezi ikisafiri na begi la timu.

Iceland ilifanya kazi hii kwa nchi nzima. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Walizipanga saa za baada ya shule, wakaweka michezo na muziki chini ya makocha wanaolipwa, jiji la Reykjavik likazipa familia ruzuku ya kila mwaka ya kugharimia shughuli za watoto, wazazi wakafanya mapatano baina yao, na sheria ikaweka saa ya mtoto kuwa ndani. Hiyo ya mwisho wabaki nayo. Mtaa ulioona polisi wakitekeleza kafyu ya mwaka 2020 hauombi nyingine. Na Iceland yote ina watu wachache kuliko Kamukunji na Makadara zikiunganishwa, ikiwa na pesa ambazo kaunti yetu haina. Lakini walielewa jambo ambalo kinyozi wa Jericho anayebandikiwa karatasi analielewa, na tofauti kubwa iliyobaki ni kwamba wao waliwaajiri makatibu wao. Wetu hujilipia nauli.

Ukitaka kumpima fundi, mpe namba witiri. Kwa timu nane yeyote ataweza. Zikija saba, moja itakaa. Katibu mchanga huhangaika kutafuta ya nane, akaokota timu ya kubahatisha inayotoroka wiki ya pili na kuvuruga jedwali lote. Mzoefu huyaandika majina saba kwenye duara, la juu kabisa huliacha peke yake, yaliyobaki huyaunganisha mawili mawili kwa mistari ya kukingama, na kila wiki anayasogeza yote nafasi moja. Wiki saba, mechi tatu kila wiki, 21 kwa jumla: kila timu imekutana na kila timu, na kila moja imekaa nje mara moja tu. Kisha, mbele ya ile iliyokaa nje, anaandika neno kazi. Wiki hiyo timu hiyo ndiyo inayotoa refa, washika vibendera wawili, mwandishi wa matokeo, wachora mistari na walinzi wa mabegi. Timu ya nane ikija kubisha wiki ya tatu, ina mdhamini na jezi zinazong'aa, huambiwa ingoje msimu ujao. Ikiingia sasa, nani atashika filimbi?